Saa Kumi Jioni: Mtoto Anarudi, Mteja Anafungua Ofisi

Mhadhara kwa wazazi na vijana, Sigalagala, Kaunti ya Kakamega

Mtoto akilia asitolewe nje. Leo tunamzungumzia yeye.

Nianze na saa. Kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Novemba, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni hapa kwetu. Miezi inayobaki, Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma, inakuwa saa kumi na moja. London iko karibu zaidi. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, sisi huwa ni saa tano, au saa sita mchana wakati wa baridi yao. California ndiyo ya mbali: asubuhi yao ya saa tatu inatukuta saa moja au saa mbili usiku, ugali umeshatengwa.

Sasa wekeni saa hizo kando ya ratiba ya mtoto wa shule ya msingi. Watoto wanaachiliwa shuleni saa tisa na nusu. Saa kumi mtoto yuko mlangoni, sare imejaa matope mekundu, njaa imemshika, na ana mradi wa mtaala wa CBC unaotaka mzazi atafute gundi na maganda ya mayai kabla ya kesho asubuhi. Dakika hiyohiyo, huko New York, mtu amekaa na kahawa yake, amefungua kompyuta, anamwandikia msaidizi wake aliye Sigalagala: uko hapo?

Kazi hii ya usaidizi wa mtandaoni, ambayo tunaambiwa kila siku kwamba inamwezesha mama kupata riziki huku akilea, inaanza saa ileile malezi yanapoanza. Wanaotoa mafunzo hawalisemi hili. Wanazungumzia kompyuta, kasi ya intaneti, namna ya kuandika wasifu unaovutia. Hoja yangu ni kwamba mtaji wa kwanza wa kazi hii ni mtu wa kumshika mtoto, na gharama yake lazima iingie katika bei anayotozwa mteja. Kompyuta inakuja baadaye.

Kazi yenyewe si ngeni. Ni ukarani na ukatibu uliohama ofisini ukaingia sebuleni. Msaidizi wa mtandaoni, au VA kama vijana wanavyomwita, anajibu barua pepe za mtu aliye mbali, anampangia miadi, anamkatia tiketi za ndege, anaandaa ankara, anawakumbusha wadeni kwa upole, anaandika yaliyosemwa katika mkutano uliorekodiwa, anawatuliza wateja wa duka lisilo na mlango. Dada zetu waliosomea ukatibu zamani, wakipimwa maneno wanayochapa kwa dakika, wangeielewa kazi hii bila kuelezwa mara mbili.

Kilichobadilika ni njia ya kupitishia kazi na malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti. Mwaka 2018 PayPal iliunganishwa na M-Pesa, na dola ya mteja ikapata njia ya kufika kwenye simu ya mama. Serikali nayo ikaleta mpango wa Ajira Digital. Hayo nayashukuru, nayapita haraka, kwa kuwa yamekwisha kusifiwa. Hakuna bado aliyeleta waya wa kumshika mtoto.

Msidhani shida hii ni ya Kakamega peke yake, au kwamba imeletwa na intaneti. Mwaka 1962, huko Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia nchi ile mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi. Aliwachukua wanawake wenye ujuzi walioacha kazi walipoolewa au walipozaa, wakafanya kazi majumbani mwao kwa kalamu na karatasi, maana kompyuta za wakati ule zilijaza chumba. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza wanaume walikuwa 3 tu. Kikosi hicho cha akina mama ndicho kilichoandika programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Barua zake za kutafuta kazi zilipuuzwa mpaka alipoanza kutia saini kwa jina la kiume, Steve. Na alipokuwa akizungumza na wateja kwa simu nyumbani, alifungulia kanda yenye sauti ya mashine za kuchapa, ili wasisikie sauti za mtoto na za nyumba.

Namheshimu sana mama huyo, lakini kanda ile inanikera. Ilimfundisha mteja kwamba kazi njema hufanywa na mtu asiye na mtoto. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado tunaifungulia. Siku hizi ni kitufe cha kuzima maikrofoni, na picha ya maktaba inayowekwa nyuma ya kichwa cha mama aliyeketi jikoni.

Basi jaribuni kuzificha sauti za nyumba hapa Sigalagala. Mvua yetu inapenda kushuka alasiri, na radi zake mnazijua. Nyumba ikiwa ya mabati yasiyo na dari, mvua ya mawe ikianza, humsikii hata aliyekaa kando yako, sembuse mteja wa Chicago. Yeye anaona midomo yako inacheza tu. Na kama si mvua, ni matanga kwa jirani, na kwenye matanga ya Waisukha na Waidakho kuna isukuti. UNESCO iliiandikisha ngoma hiyo mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Anayeketi kwenye mkutano wa video saa kumi na moja jioni nyumba ya pili kutoka kwenye matanga anaweza kuwathibitishia kwamba bado ina nguvu.

Halafu stima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, ilipotea karibu nchi nzima. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika huko pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Kwa sadfa ya ajabu, ilikuwa Siku ya Akina Mama. Hayo ni ya kitaifa. Ya hapa kijijini, mti ukiangukia waya au transfoma ikipigwa na radi, hayaandikwi magazetini.

Kwa hiyo ushauri wangu unapingana na unaotolewa na wengi. Mteja aambiwe. Aambiwe tangu siku ya kwanza, kwenye makubaliano, kwamba kuna saa unazopatikana kwa sauti na saa usizopatikana, na kwamba kazi itafika kwa wakati uliotajwa. Usiombe radhi kwa kuwa na mtoto. Wateja wengine wataondoka. Waende. Atakayebaki ndiye unayeweza kumtumikia miaka mitatu bila kuugua.

Na kuna jambo la kumuuzia ambalo aliye karibu naye hana. Mtoto wako akiwa darasani, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, Marekani imelala. Barua zilizoingia jioni yake unazijibu asubuhi yako. Ankara, ratiba, orodha, muhtasari wa mkutano wa jana, vyote anavikuta vimekamilika akiamka. Usimuuzie uwepo wako saa zake za kazi. Muuzie usiku wake. Hapo saa saba au nane zinazotutenga zinageuka kuwa bidhaa. Kazi ya kupokea simu na kujibu ujumbe papo hapo, anayetaka aichukue, lakini kwanza amtaje kwa jina atakayekuwa na mtoto saa hizo.

Tufanye hesabu sasa. Chukueni mama anayeanza, anayelipwa dola 3 kwa saa. Anafanya saa 4 za malipo kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hiyo ni dola 264. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni shilingi 34,056. Soko la mtandaoni alilopatia kazi linakata fungu lake. Upwork, kwa mfano, kuanzia Mei 2023 ilikuwa ikikata asilimia 10. Zinabaki shilingi 30,650. Yaya, kwa amri ya mishahara ya Novemba 2024, katika maeneo ya mashambani kama haya hapaswi kulipwa chini ya shilingi 8,596 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Weka intaneti 3,000. Weka tokeni za stima 1,500. Imebaki 17,554, na sijaweka ada za kutoa pesa wala kompyuta inayochakaa.

Lakini saa za malipo si saa zote za kazi. Kutafuta mteja mpya, kuandika maombi yasiyojibiwa, kujifunza programu mpya, kudai malipo: weka saa 2 kila siku zisizolipwa na mtu. Mwezi mzima ni saa 132. Gawanya. Ni shilingi 133 kwa saa, karibu dola moja. Dola tatu zimekuwa moja mezani kwake mwenyewe, bila mwizi kuingia.

Najua mtakaloniambia. Mtaniambia, mimi silipi yaya, mtoto anashikwa na nyanya yake. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nyanya huyo ana shamba la mahindi linalosubiri palizi. Ana kuku, ana kikundi chake cha Alhamisi, ana magoti yanayouma. Kila alasiri anayokaa na wajukuu ili wewe ujibu barua za mfanyabiashara wa Ohio, kuna kitu anachokiacha. Yeye ndiye anayemfanya mfanyabiashara yule apate katibu kwa dola 3. Kwa maneno mengine, ajuza wa Khayega anatoa ruzuku kwa kampuni ya Marekani, na hakuna anayemwandikia hata barua ya shukrani. Sisemi asishike wajukuu; hata ukimkataza atawashika. Nasema alipwe. Awe kwenye hesabu kama bando lilivyo kwenye hesabu. Na ukishamweka kwenye hesabu utagundua dola 3 hazitoshi, na utamwandikia mteja barua ya kupandisha bei ambayo umeiogopa mwaka mzima.

Na akina baba mlio hapa, wachache mlio nyuma pale. Mwanamume akishika mtoto kuanzia saa kumi jioni, majirani husema anamsaidia mke wake. Hamsaidii. Yuko zamu, kama askari wa lindo. Nyumba inayoingiza dola kwa kazi ya mama saa za jioni ina zamu mbili, na ya pili ikikosa mtu, ya kwanza inakufa ndani ya miezi michache. Anayerudi na boda boda saa moja usiku akitarajia chakula mezani huku mkewe yuko kwenye mkutano na mteja, ajue anakula mtaji wa biashara yake mwenyewe.

Sasa nitoe pendekezo ambalo naliamini kuliko yote niliyosema. Mama asiingie kazi hii peke yake. Waingie wawili, majirani wa ua kwa ua. Mmoja atafute mteja wa London, mwingine wa New York. Majira ya joto ya kule, wa London anafanya kazi saa tano hadi saa tisa, huku mwenzake anawaangalia watoto wadogo wa nyumba zote mbili. Saa moja ya kupokezana, kunywa chai na kuulizana habari za mtoto mwenye homa. Kisha wa New York anaingia saa kumi hadi saa mbili usiku, na yule wa kwanza anawapokea watoto wanaotoka shuleni, anawalisha, anawasimamia kazi za shule. Wakati wa baridi yao zamu zote mbili zinasogea mbele saa moja na bado hazigongani. Tahadhari moja tu: Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja. Kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja kati ya Oktoba na Novemba, ambapo ile saa ya chai inatoweka na mmoja anamkabidhi mwenzake watoto mlangoni. Andikeni tarehe hizo ukutani.

Faida nyingine ya wawili ni siku ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Anayejiajiri haimgusi. Mteja akikaa miezi mitatu bila msaidizi anatafuta mwingine, na hawezi kulaumiwa. Lakini wakiwa wawili wanaojua kazi ya kila mmoja, mwenzako anashika mteja wako, mnagawana malipo, na unaporudi unamkuta mteja yupo. Akina mama wa hapa wamepalilia mashamba kwa zamu tangu hapo. Kazi ya kompyuta haina ugumu unaouzidi ule wa jembe.

Yapo madogo ambayo nitayataja bila kuyakalia. Likizo za shule ni Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba hadi Januari. Ile ya mwisho wa mwaka haina taabu, maana Wazungu nao wanapunguza kazi kwa ajili ya Krismasi, na Agosti Ulaya nyingi iko likizoni. Aprili ndiyo mbaya. Tarehe 15 Aprili ni mwisho wa Wamarekani kuwasilisha hesabu za kodi, na anayewafanyia kazi wahasibu wao atazidiwa wakati nyumba imejaa watoto. Yetu ya KRA ni 30 Juni. Iwasilisheni, hata kama pesa ilitoka ng'ambo. Kwa bima ya afya ya SHA, tangu Oktoba 2024 mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mtoto mdogo asingoje kuumwa ndipo alipie.

Na kompyuta ya kazi isiwe ya katuni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Ulaya ina yake kali. Ndani ya mashine yako kuna majina, anwani na namba za kadi za watu wasiokujua. Mtoto wa miaka minne hahitaji nia mbaya kufuta orodha ya wateja, vidole vinamtosha. Neno la siri kwenye kioo, na katuni kwenye simu ya baba.

Jingine, na hili nawaambia hasa vijana wa politekniki. Msiweke mayai yote kwa tovuti moja. Machi 2024 Remotasks ilifunga kazi Kenya ghafla, na watu walioitegemea kwa kodi na karo wakaamka hawana kitu. Wala msikodi akaunti ya Mmarekani ili mwonekane mko kwao. Siku itakapogunduliwa hutakuwa na pa kulalamikia, wala jina la kulalamika nalo. Na kazi ya kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, ambayo imewalisha wengi nchini mwetu, siihesabu kuwa usaidizi wa mtandaoni. Ni udanganyifu unaolipwa kwa dola.

Namalizia kwa ombi, na ombi hili lina anwani. Mwaka 2013 kaunti hii ilianzisha mpango wa kuwapa pesa akina mama wasio na uwezo wanapohudhuria kliniki na kujifungulia hospitalini. Kwa hiyo haiwezi kutuambia kwamba mama na mtoto si kazi ya bajeti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Sasa nawaomba viongozi wa kaunti, wenye vyuo, na kila anayepanga kuweka maabara ya kompyuta kwa ajili ya kazi za mtandaoni katika eneo hili: chumba cha watoto kiwe kwenye mchoro tangu mwanzo, mlango unaofuata ule wa kompyuta, chenye maji, choo cha kimo cha mtoto, na yaya wawili wanaolipwa mshahara wa kisheria. Na kifunguliwe hadi saa mbili usiku, si saa kumi jioni, maana saa kumi ndipo kazi inapoanza.